Paka au Yusuf? Mikusanyiko ya Cat Stevens, ipi uanze nayo na ipi uiache

Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na droo moja ya kabati la sebuleni ambayo ilikuwa ya kaseti tu, na humo kaseti za bro mkubwa na za bi mkubwa zilikuwa zinalala pamoja japo wenyewe kwenye mambo ya muziki walikuwa hawaivi chungu kimoja. Ya bro ilikuwa imeandikwa kwa peni "Cat Stevens best", alirekodiwa kwenye duka la kurekodia kaseti mtaani, na upande wa pili nyimbo zilipoisha yule jamaa wa duka akajazia Jim Reeves ili utepe usibaki mtupu. Ya bi mkubwa aliletewa na ndugu aliyetoka Hija, kuna sauti ya mzungu mpole anasimulia maisha ya Mtume kwa Kiingereza halafu katikati inaingia Tala'al Badru, na mama Kiingereza hata cha kuombea maji alikuwa hana ila ikifika pale Tala'al Badru lazima aongeze sauti. Bro akiweka yake mama anamwambia hebu tuondolee hayo makelele, mama akiweka yake bro anatoka zake barazani. Ilipita miaka kama mitatu hivi ndo tukaja kugundua kwamba zote mbili ni mtu mmoja yule yule, na siku hiyo mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nimekumbuka hayo kwa sababu juzi mpwa wangu kanitumia meseji, "Anko huyu Cat Stevens nimemtafuta naona ana best of kibao, niweke ipi kwenye simu?" Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili nikajikuta nimeandika gazeti. Basi bora niliweke vizuri hapa, manake swali lenyewe sio jepesi kama linavyoonekana. Ukimchukua msanii mwingine wa miaka ya 70 unamwambia mtu chukua greatest hits yake basi yameisha. Huyu hapana. Huyu kila mkusanyiko unakupa kipande tofauti cha mtu, na hakuna hata mmoja niliousikia mimi ambao unampa bro na mama nyimbo zao kwa pamoja kama ile droo yetu.

Kwanza umjue kidogo, sio kwa ajili ya historia ila kwa ajili ya kujua nini kimekatwa wapi.

Jina la kuzaliwa ni Steven Demetre Georgiou, kazaliwa London Julai 1948, baba Mgiriki wa Cyprus, mama Mswidi. Wazazi walikuwa na mgahawa Shaftesbury Avenue, karibu kabisa na Piccadilly Circus, familia inaishi juu ya mgahawa, yaani dogo kakulia katikati ya mataa na majumba ya maonesho, na kakulia kwa kubeba sahani. Baba dini yake Orthodox, mama Baptist, mtoto akapelekwa shule ya Wakatoliki. Ukishajua hilo hushangai kwa nini baadae maisha yake yote yakawa ni kutafuta.

1966 akatoa singo ya kwanza, I Love My Dog. Ndiyo, mtu kajiita Paka halafu wimbo wake wa kwanza ni wa kumsifia mbwa. Na kuna kitu hapa watu wengi hawakijui: melodi ya wimbo ule kaitoa kwenye kazi ya mpiga jazi wa Marekani anaitwa Yusef Lateef, mwenyewe alikuja kukiri na kumpa yule mzee haki yake. Yaani kabla hajasilimu na kuitwa Yusuf alishamkopa Yusef. Mwaka uliofuata Matthew and Son ikafika namba 2 Uingereza, akawa staa wa vijana, suti, mabendi makubwa ya matarumbeta nyuma, shoo kila siku. Halafu kifua kikuu kikamlaza. Alikuwa na miaka 19, 20 hivi, kalazwa miezi kadhaa hospitali ya Midhurst kusini mwa Uingereza, na humo ndo kaanza kusoma mambo ya dini za Mashariki na kuandika nyimbo za aina nyingine kabisa. Kijana aliyeingia hospitali na aliyetoka walikuwa watu wawili.

Sasa hapa ndo linaingia suala la lebo, yaani kampuni za kutoa rekodi, ambalo linaamua kila kitu kwenye huu ulinganisho. Nyimbo za kabla ya kuumwa zilikuwa chini ya Deram, iliyokuwa ya Decca. Baada ya kupona akahamia Island, na Marekani zikawa zinatolewa na A&M. Kwa hiyo kwa miaka mingi mkusanyiko wowote wa Island ulikuwa unajifanya kama vile jamaa alizaliwa 1970 ana ndevu tayari. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 90 makampuni yote hayo yakawa yameshamezwa na yamekaa chini ya paa moja la Universal, ndo ikawa rahisi kuchanganya za zamani na za katikati kwenye CD moja. Ukiona mkusanyiko hauna Matthew and Son usidhani waliusahau, mara nyingi ni mambo ya nani anamiliki nini.

Haya tuanze na ule wa bro.

Greatest Hits ya 1975 ina nyimbo 12 tu. Tatu kutoka albamu ya Tea for the Tillerman (Wild World, Hard Headed Woman, Father and Son), tatu kutoka Teaser and the Firecat (Moonshadow, Peace Train, Morning Has Broken), mbili za Catch Bull at Four, mbili za Buddha and the Chocolate Box, halafu Another Saturday Night ambayo ni ya Sam Cooke kairudia, na moja mpya waliyoipachika, Two Fine People. Hiyo ya mwisho mimi naona ndo kiungo dhaifu, ni wimbo mzuri wa kupigia pasi nguo basi. Lakini zile nyingine 11, jamani. Unaweka unapika, unamaliza kupika, hujaruka hata moja. Hakuna mkusanyiko wake mwingine ninaoweza kuusema hivyo.

Sifa yake kubwa ni kwamba una sauti moja. Zote ni za miaka mitano tu, gitaa la Alun Davies linatembea sambamba na la kwake kama watu wawili wanapiga soga, na nyingi ziko chini ya mikono ya prodyuza Paul Samwell-Smith ambaye zamani alikuwa mpiga besi wa bendi ya Yardbirds na alijua kuacha nafasi, hakujaza vitu. Kwenye Morning Has Broken ile piano unayoisikia ni ya Rick Wakeman, kijana wa studio wakati huo, na jina lake wala halikuandikwa kwenye jalada. Maneno ya wimbo ule ni shairi la kanisani la Eleanor Farjeon juu ya melodi ya zamani ya Scotland, ukikata piano ya Wakeman unabaki na kitu kifupi tu. Ndo maana nasema kazi ya kupanga nyimbo ilikuwa nusu ya huu muziki.

Moonshadow nayo ina stori naipenda. Alikuwa Hispania usiku, kaona kivuli chake mwenyewe kimetupwa na mbalamwezi, mara ya kwanza maishani. Wewe uliyekulia Handeni au Lushoto utasema sasa hapo kuna ajabu gani, watoto tulikuwa tunakimbizana na hivyo vivuli kila mwezi mpevu. Lakini mtoto wa Piccadilly na yale mataa ataujulia wapi mwezi? Tangu nilipoijua hiyo stori ule wimbo nausikia tofauti, ni mtu wa mjini anashangaa kitu tulichokuwa nacho bure.

Ubaya wa Greatest Hits: hakuna kitu cha kabla ya 1970, hakuna Lady D'Arbanville, hakuna hata sekunde moja ya Mona Bone Jakon ambayo ndo albamu aliyotoka nayo hospitali, na hakuna chochote cha albamu ya Foreigner ya 1973. Hii ya Foreigner nawaelewa kidogo, upande mzima wa santuri ni wimbo mmoja wa dakika 18 hivi, utauweka wapi kwenye hits. Alienda kuirekodi Jamaica, kamwacha prodyuza wake, kataka kuimba kama watu weusi anaowapenda, wakosoaji wakamnunia. Ila Mona Bone Jakon kuachwa kabisa ni dhambi. Lady D'Arbanville ilifika namba 8 kule kwao! Kamwimbia demu wake wa Kimarekani, Patti D'Arbanville, kamwimbia kama marehemu kalala kaburini wakati yuko hai anadunda. Sijui bibie alijisikiaje.

Hapo ndo Remember inapoingia, jina lake kamili Remember: The Ultimate Collection, 1999, nyimbo 24 kwenye CD moja. Mara mbili ya ile ya bro. Na humu ndo unapata mtu tangu mwanzo: I Love My Dog, Matthew and Son, Here Comes My Baby ambayo watu walizoea ya kundi la Tremeloes, na The First Cut Is the Deepest.

Ngoja nisimame hapo kwenye First Cut. Huu wimbo kauandika akiwa kijana mdogo kabisa, P.P. Arnold akauimba 1967, Rod Stewart akaja kuupeleka namba moja Uingereza miaka kumi baadae, Sheryl Crow akaurudia 2003 na kizazi kingine chote kikadhani ni wake. Sasa ukisikiliza ya mwenyewe kwenye Remember unashangaa, ina haraka, ina ngoma kubwa kubwa, kijana anapaza sauti. Sio kwamba ni bora kuliko hizo nyingine (mimi ya P.P. Arnold ndo kiboko), ila unaelewa kitu: huyu jamaa kabla hajawa mwimbaji wa gitaa la kubembeleza alikuwa kiwanda cha nyimbo za kuwapa wengine. Na hiyo sehemu ya maisha yake Greatest Hits imeifuta yote.

Sisi wenyewe huku ndo tumempata hivyo hivyo kwa mlango wa nyuma. Wild World wengi wa rika langu tumeijulia kwa Maxi Priest na ile reggae yake ya 1988, wakubwa zetu wakaijulia kwa Jimmy Cliff 1970. Father and Son kuna watu mpaka leo ukiwaambia sio ya Boyzone wanakuona muongo. Kwa mtu wa namna hiyo, anayejua nyimbo ila hajui mwenyewe nani, Remember ndo dawa. Anasikiliza anasema ala, na hii pia ni yake? Na hii?

Lakini Remember ina tatizo ambalo linaniudhi kila nikiiweka. Mpangilio wake hauna kichwa wala miguu. Wameanza na zile maarufu, wakarusha za 1967 katikati ya za 1971, mara tarumbeta, mara gitaa peke yake, mara sinthesaiza za 1977. Unakuwa kama umepanda daladala linaruka vituo halafu linarudi nyuma kuchukua abiria. Kwa mtu ambaye stori yake yote ni safari, kuvuruga mwendo wa safari ni kosa. Ushauri wangu ukiichukua: panga upya mwenyewe kwenye simu yako kwa mwaka, kazi ya dakika kumi, utapata albamu nyingine kabisa.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili? Kama unataka raha ya masikio, chukua 1975. Kama unataka kujua mtu, chukua 1999 uipange upya. Mpwa wangu ana miaka 22, yuko kwenye umri ule ule jamaa aliokuwa nao ilipotoka Father and Son, kwa hiyo nilishaanza kuelekea Remember, ila subiri kidogo kuna wengine.

Footsteps in the Dark ya 1984 imeitwa mkusanyiko wa pili wa hits lakini sio wa hits kweli, ni wa nyimbo zilizobaki. Na wakati mwingine mabaki ndo matamu, kama ukoko. Wakati inatoka mwenyewe alikuwa ameshaachana na muziki kitambo, kampuni ikawa inakusanya vilivyopo ghalani. Thamani yake kubwa ilikuwa nyimbo mbili za ile sinema Harold and Maude ya 1971, Don't Be Shy na If You Want to Sing Out, Sing Out, ambazo zilikaa miaka 13 bila kutoka kwenye albamu yoyote, ukizitaka nenda kaangalie sinema. Kuna na I Want to Live in a Wigwam, ambayo ilikuwa upande wa pili wa singo ya Morning Has Broken. Siku hizi hizo za sinema unazipata kwingine kwa urahisi kwa hiyo huna haja ya kukimbilia hii kama ya kwanza. Ichukue ya pili au ya tatu, ukishampenda mtu na unataka kumsikia akiwa ametulia bila kulazimika kupendwa. Mimi nikiwa peke yangu usiku hii ndo naweka. Lakini simpi mgeni.

Gold ya 2005 ni CD mbili, iko kwenye ule mfululizo wa Universal ambao kila msanii wa zamani katolewa Gold yake. Humo kuna kila unachohitaji na vichache usivyohitaji. Kama ingekuwa ni hesabu tu ningesema chukua hii tufunge mjadala, nyimbo nyingi zaidi, sauti imesafishwa. Ila urefu wenyewe ndo shida, mpe kijana wa leo CD mbili za mtu asiyemjua uone kama atafika ya pili. Na miaka yake ya mwisho kama Cat Stevens, ukweli usemwe, ilikuwa imechoka. Numbers ya 1975 ni albamu ya mtu aliyepotea njia. Izitso ya 1977 ina Old Schoolyard ambayo inachangamka, na ina kile kichekesho kinaitwa Was Dog a Doughnut?, muziki wa mashine mtupu bila kuimba, miaka kadhaa kabla dunia haijazoea mambo hayo. Huyu mtu na mbwa kuna kitu.

Kinachonifanya nisiiache Gold ni wimbo mmoja, Indian Ocean. Aliuandika baada ya ile tsunami ya 26 Desemba 2004, kaimba na kupigiwa na watu kama A.R. Rahman wa India, na pesa zikaenda kwa waathirika. Sisi wa pwani ile siku tunaikumbuka, maji yalitoka Sumatra huko yakafika mpaka Somalia, Kenya na huku kwetu, watu waliokuwa wanaogelea Dar hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo mtu aliyekaa miaka mingi bila kuimba nyimbo za namna hii, anarudi na anaimba kuhusu bahari yetu hii hii. Wimbo wenyewe kama wimbo sio mkubwa kihivyo. Ila mahali ulipokaa, mwishoni mwa maisha yote yale ya Cat Stevens, unakuwa kama mlango umeachwa wazi kidogo na taa ya chumba cha pili inaonekana.

Chumba cha pili ndo cha mama.

Katikati ya miaka ya 70 alikuwa anaogelea Malibu, California, mkondo ukamvuta, akaishiwa nguvu, akamwomba Mungu kwamba ukiniokoa nitakufanyia kazi. Wimbi likamrudisha ufukweni. Baadae kaka yake David katoka kutembea Jerusalem akamletea Qur'ani kama zawadi. Akasilimu Desemba 1977, mwaka uliofuata akawa Yusuf Islam, jina kalichukua kwa ile sura ya Nabii Yusuf ambayo ilimgusa kwelikweli. Akamalizia Back to Earth ya 1978, Novemba 1979 akapanda jukwaani Wembley kwenye shoo ya UNICEF, halafu basi. Magitaa akayauza kwa ajili ya kutoa sadaka. 1983 akaanzisha shule ya Kiislamu London, Islamia, ambayo 1998 ikawa miongoni mwa shule za kwanza za Kiislamu Uingereza kupewa fedha za serikali. Yaani mtu aliyeimba watoto watacheza wapi (Where Do the Children Play?) kaenda kuwajengea watoto pa kusomea.

1995 ndo akatoa The Life of the Last Prophet, ile kaseti ya bi mkubwa. Na 2006 ikatoka Footsteps in the Light, mkusanyiko wa kasida na nyimbo zake za Kiislamu. Angalia majina: 1984 nyayo gizani, 2006 nyayo kwenye nuru. Kwa ambaye hajui habari zake ni majina mawili tu, kwa anayejua ni mtu anaijibu kampuni yake ya zamani miaka 22 baadae, kwa upole.

Sasa ukinilazimisha nilinganishe Footsteps in the Light na Greatest Hits nitakwambia hailinganishiki, ni kama kulinganisha kahawa na uji. Muziki umepunguzwa, dufu na sauti, Kiarabu na Kiingereza, nyingine ni za watoto wa madrasa kabisa. Mtu aliyekuja kwa ajili ya Peace Train na lile gitaa atachoka nyimbo ya tatu. Lakini mtu aliyekulia kwenye maulidi, aliyezoea kasida, anaweza kuingia kwa mlango huu na akamkuta Cat Stevens kwa ndani badala ya kinyume chake, na mimi nimewaona watu hivyo, akiwemo mzazi wangu mwenyewe ambaye baada ya kugundua ni mtu mmoja alianza kuiruhusu Morning Has Broken asubuhi. Ile moja tu. Wild World aligoma.

Halafu usisahau kwamba alirudi kwenye gitaa. Mtoto wake wa kiume alileta gitaa nyumbani, siku moja mzee akalishika, vidole vikakumbuka. 2006 hiyo hiyo ikatoka An Other Cup, jina la Yusuf tu, na humo kuna wimbo kachomoa kipande cha ile Foreigner ya dakika 18 akakifanyia kazi upya. Halafu Roadsinger 2009, Tell 'Em I'm Gone 2014 na mwaka huo huo akaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, The Laughing Apple 2017, King of a Land 2023 na kiangazi hicho akapiga kwenye tamasha la Glastonbury Uingereza Jumapili mchana mbele ya umati wa watu wa rika zote. Kwa mikusanyiko hii mitano, kipindi chote hicho karibu hakimo. Ndo maana nasema hakuna mmoja unaotosha.

Tahadhari ya haraka kabla sijasahau. Ukikuta The Very Best of Cat Stevens angalia mwaka kwanza, kuna ya 1990, kuna ya 2000, kuna ya 2003, jina moja nyimbo tofauti. Ukitafuta mtandaoni andika na Yusuf, siku hizi kazi nyingi zimewekwa kwa majina yote mawili pamoja. Na kuna boksi la CD nne la 2001, In Search of the Centre of the Universe, hilo ni la mtu aliyekwishaoa, sio la mchumba.

Na kuna watu watakwambia achana na mikusanyiko yote, sikiliza Tea for the Tillerman ya 1970 nzima. Ni wakorofi ila wana hoja. Nyimbo 11, dakika kama 37, jalada kachora mwenyewe, mzee wa ndevu nyekundu anakunywa chai na watoto wamepanda mti. Pale unapata Where Do the Children Play?, On the Road to Find Out, Sad Lisa, vitu ambavyo Greatest Hits ya 1975 haina. Kama data inatosha albamu moja tu mwezi huu na wewe ni mtu wa kusikiliza albamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mimi nakubali, hii inaishinda mikusanyiko yote mitano. Tatizo watu wa hivyo wamebaki wachache.

2020 akairekodi yote upya, akaiita Tea for the Tillerman² kusherehekea miaka 50. Nyingi kabadilisha mno kwa ladha yangu, Wild World kaifanya kama muziki wa kabaree ya zamani, sijaelewa. Lakini Father and Son ya humo nenda kaisikilize leo. Kwenye ile ya 1970 kijana wa miaka 21, 22 hivi anaimba sauti zote mbili, ya baba kwa chini, ya mtoto kwa juu. Kwenye ya 2020 baba ni yeye mwenyewe mzee wa miaka sabini na ushee, na sauti ya mtoto wameichukua kutoka rekodi yake ya zamani ya jukwaani ukumbi wa Troubadour, Los Angeles, 1970. Yaani mzee anabishana na kijana aliyekuwa yeye. Baba anasema tulia, bado mdogo, na safari hii unajua anasema kweli, na bado kijana hasikii. Niliisikiliza nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni ikabidi nijifanye vumbi limeniingia jichoni.

Basi mpwa nimemjibu hivi: weka Remember, ipange kwa mwaka, ukifika 1970 simama, nenda Tea for the Tillerman yote, halafu rudi uendelee. Ukimaliza zisikilize Father and Son mbili, ya kijana na ya mzee, moja baada ya nyingine. Gold chukua Indian Ocean tu. Footsteps in the Light muwekee bibi yako akija Ramadhani, usimwambie ni nani mpaka ikiisha, japo yeye anajua zamani atajifanya hajui.

Greatest Hits ya 1975 nimeiacha kwa ajili ya bro. Mpaka leo anabisha kwamba kaseti yake ilikuwa na Lady D'Arbanville, upande wa pili, mwanzo kabisa. Haikuwa nayo. Upande wa pili mwanzo kabisa alikuwa Jim Reeves.